Zaka ya mauzo, mbegu ya mkesha na deni la simu: jibu kwa mama wa Busia

*Swali (nimelifupisha):* Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mukene (dagaa) na samaki wakavu hapa Busia, upande wa Uganda. Siku nzuri nauza shilingi 150,000. Tulifundishwa kwamba chochote kinachopita mkononi, sehemu ya kumi ni ya Bwana, kwa hiyo kila jioni naweka 15,000 kwenye bahasha. Tangu nianze, biashara inashuka tu. Zamani nilinunua mzigo kwa fedha yangu, siku hizi karibu nusu nachukua kwa mkopo. Nina deni la simu la 300,000, kila mwezi nalipa na ada yake ya 9% halafu nakopa tena. Mume wangu ni wa boda boda. Amepata ile milioni moja ya PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, ya kufuga kuku, na mhubiri wetu anasema 100,000 itoke kabla hajanunuliwa hata kuku mmoja. Halafu kwenye mkesha nilisimama nikaahidi mbegu, yaani sadaka ya kutarajia baraka, ya 500,000, na mume wangu hajui. Karo ya muhula inadaiwa, mama yangu huko Tororo anahitaji dawa za presha, nami naogopa laana ya Malaki. Nikipunguza kutoa, si nitakuwa nimeacha kumwamini Mungu? Na je, sadaka ya kutuma kwa simu inahesabiwa?

*Jibu:*

Dada yangu, asifiwe sana. Barua yako nimeisoma kalamu ikiwa mkononi, maana kabla ya kuingia kwenye uchungaji nilikuwa afisa wa mikopo katika SACCO, chama cha akiba na mikopo, na mazoea ya kujumlisha hayajaniacha. Acha nianze na hesabu. Malaki tutamfikia.

Hiyo 150,000 unayouza kwa siku si yako. Umeniandikia kwamba mzigo wenyewe unakugharimu kama 120,000, na kwamba ushuru wa soko, usafiri na mifuko huchukua kama 5,000. Kinachobaki ni 25,000, na hicho ndicho ulichopata siku hiyo. Ukitoa 15,000 katika hiyo 25,000, hujatoa sehemu ya kumi. Umetoa sehemu sita katika kumi. Chukua siku 26 za soko: faida yako ni 650,000, bahasha imechukua 390,000, na nyumba imebaki na 260,000. Watu watano hawali posho na maharage, hawavai, hawasomi wala hawaugui kwa 260,000 mwezi mzima, hasa pale ambapo baba naye ana pikipiki ya kulipia kila wiki. Basi ulifanya ambacho mama yeyote angefanya. Ulichota kwenye fedha ya mzigo ukalisha watoto, na kesho yake ukaomba mzigo kwa mkopo.

Mtaji wako umekwenda huko. Hakuna pepo aliyeingia kwenye kibanda chako, na Mungu hajakuadhibu kwa lolote. Nalisema hili mapema kwa sababu najua umekuwa ukifunga na kuomba ili yule alaye anayetajwa na Malaki akemewe, kumbe anayekula ni hesabu mbaya mliyofundishwa. Wala si ninyi peke yenu. Wauza nyanya, wauza mitumba, wenye viduka vya bidhaa za mchanganyiko, nimewakuta wengi wanatoa zaka ya mauzo. Mwalimu wa shule akitoa sehemu ya kumi ya mshahara hafilisiki. Mchuuzi akitoa sehemu ya kumi ya mauzo anafilisika, na anafilisika haraka zaidi kadiri faida yake kwa kila bidhaa ilivyo ndogo. Mhubiri aliyewafundisha pengine hajawahi kuuza mukene.

Maandiko yenyewe hayakudai hivyo. Kumbukumbu la Torati 14:22 inazungumzia maongeo ya mbegu, yale yatokayo shambani mwaka baada ya mwaka. Zaka ilihesabiwa kwenye mavuno, kwenye kile ambacho Mungu ameongeza. Endelea kusoma sura hiyo hadi aya ya 29, maana ni nadra kusomwa kwenye mikesha. Utakuta familia inakula zaka yake mbele za Bwana kwa furaha, mwenye shamba na watu wa nyumbani mwake. Utakuta mwaka wa tatu zaka inawekwa mjini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Mlawi alistahili kwa sababu hakupewa ardhi kama makabila mengine, kama Hesabu 18 inavyoeleza. Ulikuwa mpango wa kuhakikisha hekalu linatunzwa na maskini halali njaa.

Sasa Malaki. Sura ya 3 inasema watu walimwibia Mungu zaka na dhabihu, na ghala likawa tupu. Nehemia 13 inaonyesha hali kama hiyo ilivyokuwa: Walawi walikuwa wamekimbilia mashambani kwa sababu hakuna aliyewapa sehemu yao. Ni kosa la kweli, sitalipunguza. Lakini kabla ya aya ya 8 kuna aya ya 5, ambapo Bwana anakuja kuwashuhudia wale wanaomdhulumu kibarua mshahara wake na kuwaonea wajane na yatima. Anayekusomea aya ya 8 bila aya ya 5 amekusomea nusu ya barua. Na laana uliyotishwa nayo, wewe uliye ndani ya Kristo, Paulo anaijibu katika Wagalatia 3:13: Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Mungu hakuvizii sokoni akihesabu noti.

Je, Mkristo anapaswa kutoa sehemu ya kumi? Wapo watumishi ninaowaheshimu wanaoamini kwamba ni amri hadi leo, wakitaja kwamba Abramu alimpa Melkizedeki sehemu ya kumi kabla ya Musa kuzaliwa. Mimi nasoma Agano Jipya na sioni asilimia yoyote waliyopangiwa makanisa. Naona Paulo akiwaambia Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, na baadaye atoe kama alivyokusudia moyoni, “si kwa huzuni, wala si kwa lazima.” Sehemu ya kumi naiona kama kipimo kizuri cha wazee, kinachomsaidia mtu asijidanganye kuwa anatoa kumbe anadondosha sarafu. Ila kwako tofauti hii si kubwa. Hata ukiamini ni amri, sehemu ya kumi ya kipato chako ni 2,500 kwa siku, yaani 65,000 kwa mwezi. Si 390,000.

Tuje kwenye deni, ambalo ndilo lenye haraka.

Deni la simu la 300,000 kwa ada ya 9% linakula 27,000 kila mwezi. Ukilizungusha mwaka mzima utakuwa umelipa 324,000 za ada, na ile 300,000 bado inakusubiri. Halafu yupo mwenye mzigo anayekukopesha samaki kwa sababu anakujua uso. Fedha ya watu hawa wawili imo ndani ya ile 15,000 unayoifunga kwenye bahasha kila jioni. Ni yao, na wewe umeipeleka madhabahuni. Zaburi 37:21 inamwita mtu asiye haki yule anayekopa na asilipe, na haijasema “isipokuwa kama ametoa sadaka.” Yule mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye mdai wake alikuwa anakuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa, alimlilia Elisha. Mungu akafanya muujiza wa mafuta. Elisha hakumwambia alete chupa moja ya shukrani kwanza. Alimwambia akauze, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Ningetamani hadithi hiyo ihubiriwe mara nyingi kama inavyohubiriwa ya mjane wa Sarepta.

Na hapa Uganda tuna urithi wetu katika jambo hili. Uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, uliochipuka miaka ya 1930 kutoka Gahini nchini Rwanda na kuenea hapa kwetu kupitia watu kama Simeoni Nsibambi wa Kampala, ulijulikana kwa kutubu hadharani na kurudisha. Mtu akiokoka alirudisha alichoiba na kulipa alichokuwa anadaiwa, kama Zakayo alivyofanya, na majirani wakasadiki kwamba kuna kitu kimetokea. Bibi zetu waliotoka katika uamsho ule wangeshangaa kumwona mama anayedaiwa sokoni akipongezwa kanisani kwa bahasha nene.

Kwa hiyo usiache kutoa, lakini kitoe kilicho chako. Paulo anasema, “kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo,” na katika aya inayofuata anaongeza kwamba hataki wengine wastarehe na Wakorintho wadhikike. Torati yenyewe iliwashushia maskini kiwango: asiyeweza mwana-kondoo alileta hua wawili, asiyeweza hua alileta unga. Yusufu na Mariamu walileta ndege, na hakuna kuhani aliyewauliza imani yao iko wapi.

Singependa kukupangia kiasi, ila umeniuliza wazi, basi nitasema ningefanya nini nikiwa wewe. Kwa miezi hii ya deni ningetoa 5,000 kila Jumapili, ambayo ni kama 20,000 kwa mwezi, na ningeitoa kwa furaha bila kumwomba mtu radhi. Katika ile 390,000 iliyokuwa inaingia kwenye bahasha zinabaki 370,000. Kumaliza deni la simu na ada yake ni 327,000. Unaona? Kwenye karatasi, bahasha ya mwezi mmoja inafunga deni lililokunyima usingizi, na inabaki 43,000 ya dawa za mama. Najua maisha si karatasi, na sehemu ya fedha hiyo itamezwa na chakula na karo mlivyozoea kuvilipia kwa fedha ya mzigo. Basi sema miezi miwili, mitatu. Ukimaliza la simu, hamia kwa mwenye samaki, umpunguzie kidogo kila wiki hadi mzigo wote uwe wako tena. Hapo, kama moyo wako unakutuma kwenye sehemu ya kumi kamili ya faida, panda hadi hapo kwa furaha.

Kama uko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kile chenye sanduku la kufuli tatu, ni afadhali ukope humo ulipe la simu mara moja, maana riba ya kikundi hurudi kwenu wenyewe siku ya kugawana. Usikimbilie mkopeshaji wa mtaani anayeshika kitambulisho. Wakopeshaji binafsi wako chini ya sheria ya mwaka 2016, wanatakiwa kuwa na leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia taasisi ndogo za fedha, na kikomo cha riba kilichotangazwa mwaka 2024 ni 2.8% kwa mwezi. Ukitajiwa 20%, aga uondoke.

Kuhusu mama yako wa Tororo sitasema mengi, kwa sababu Yesu ameshasema. Katika Marko 7 aliwakemea Mafarisayo kwa mtindo wa Korbani, ambapo mtu aliwaambia wazazi wake kwamba kile ambacho kingewasaidia kimekuwa wakfu kwa Mungu. Aliita jambo hilo kulitangua neno la Mungu. Dawa za presha zisikatike hata siku moja kwa ajili ya bahasha. Wapo watakaokwambia uihesabu fedha ya dawa kama zaka. Mimi sipendi uhasibu wa namna hiyo. Kumtunza mzazi ni wajibu wako wa kwanza, 1 Timotheo 5:8 iko wazi mno, na hauhitaji kuingizwa kwenye kitabu cha kanisa ili uhalalike.

PDM ni rahisi. Ile milioni moja si mapato. Mpango huo ulizinduliwa mwaka 2022 kuwapa watu mtaji kupitia SACCO ya parishi, na ni mkopo wa riba ya 6% kwa mwaka. Mumeo akitoa 100,000 mlangoni atafuga kwa 900,000 na kulipa deni la 1,060,000, hata kama lingekuwa la mwaka mmoja tu. Fedha hiyo bado ni ya SACCO, yaani ya majirani zenu wanaosubiri zamu yao. Anunue vifaranga, anunue chakula cha kutosha, na tafadhali asiruke chanjo ya mdondo, kwa sababu ugonjwa huo unafagia banda zima ndani ya siku chache na hausikilizi maombi ya mtu aliyekataa sindano. Kuku wakiuzwa, gharama na mkopo vikiondolewa, kilichobaki ndicho ambacho Mungu ameongeza. Mtoe hapo mkitaka, hata zaidi ya sehemu ya kumi.

Sasa mbegu ya mkesha. Hapa nataka twende taratibu.

Kwanza, mwambie mume wako. Leo, kabla hujaenda kwa mchungaji yeyote, nami nikiwamo. Najua utasema atakasirika. Huenda. Lakini 500,000 iliyoahidiwa kwa siri ni zaidi ya robo tatu ya faida yako ya mwezi, na ikilipwa italipwa kutoka kwenye sahani yake na ya watoto wake. Chagua saa ambayo hajachoka, weka karatasi ya hesabu mbele yake, umweleze ulivyosukumwa usiku ule na unachokusudia kufanya. Usianze na maandiko. Anza na ukweli.

Pili, je, ahadi hiyo inakufunga? Mhubiri 5 inasema ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa, na wahubiri wa mbegu wanaipenda sana aya hiyo. Sipendi mtu azichezee ahadi. Lakini torati ile ile iliyotukuza nadhiri iliweka mlango kwa asiyeweza. Walawi 27:8: mtu akiwa maskini kuliko kiasi kilichowekwa, asimame mbele ya kuhani, na kuhani amhesabie upya kwa kadiri ya uwezo wake. Kazi ya kuhani ilikuwa kupunguza. Na Mithali 6 inamwambia aliyetegwa kwa maneno ya kinywa chake aende haraka, ajinyenyekeze, ajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Kwa hiyo nenda. Usijifiche, usibadilishe kanisa, usiache kupokea simu. Ujumbe wako uwe mfupi: “Mchungaji, niliahidi 500,000 bila kuhesabu na bila kumshirikisha mume wangu. Nina madeni na karo. Tumekubaliana nyumbani kwamba tunaweza kutoa 50,000 kabla ya Krismasi. Naomba unipokee hivyo.” Kiasi weka mtakachokubaliana. Kama ni sifuri, andika hivyo.

Mchungaji mwema akipokea ujumbe huo atakushukuru na pengine atauliza karo imefikia wapi. Akikuambia kwamba biashara itakufa, au watoto wataugua, au kwamba Mungu hadhihakiwi, utakuwa umejua kitu kuhusu mtu huyo ambacho ulihitaji kukijua. Petro alimwambia Anania kwamba shamba lilipokuwa kwake lilikuwa lake, na hata lilipouzwa fedha ilikuwa mkononi mwake. Hakuna mtume aliyemdai. Musa yeye alifika mahali pa kutangaza kambini watu waache kuleta, kwa kuwa vilivyoletwa kwa ajili ya maskani vilikuwa vimezidi (Kutoka 36). Mimi bado sijamsikia mhubiri wa mkesha akitangaza hivyo.

Sisi wa nchi hii tuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa la kundi ambalo wafuasi wake walikuwa wameuza mali zao na kuwakabidhi viongozi. Sisemi kanisa lenu ni Kanungu, hata kidogo, na mhubiri wenu huenda anaamini kabisa anachofundisha. Ninachosema ni kwamba mtumishi wa Mungu asiyeruhusu kuulizwa kuhusu fedha ni hatari hata akiwa mpole.

Kuna hadithi mbili utakazorudishiwa, nazo nizijibu kwa ufupi. Mjane wa Sarepta alimpa Eliya mkate wa kwanza, ni kweli. Lakini Eliya alikuja na neno mahsusi la Bwana kuhusu pipa lile la unga, tena alikaa nyumbani humo akila unga ule ule katika njaa ile ile. Hakuchukua mkate akapanda gari. Na mjane wa senti mbili, katika Marko 12, alitoa bila kuombwa na mtu. Aya mbili tu kabla yake Yesu alikuwa akiwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Kumtumia mama huyo kuwakamua akina mama wengine ni kuisoma sura hiyo kinyumenyume.

Na zile shuhuda? Aliyetoa mbegu akapata kiwanja hupewa kipaza sauti. Aliyetoa mbegu akafukuzwa kwenye nyumba ya kupanga hapewi. Keti siku moja na akina mama wa sokoni waliopanda mbegu, uwaulize mmoja mmoja, ndipo utajua shuhuda za pande zote mbili.

Umeniuliza kama kupunguza kutoa ni kuacha kumwamini Mungu. Nadhani ni kinyume. Fikiria kilichokusukuma kila jioni kufunga ile 15,000. Umekiandika mwenyewe: unaogopa. Anayeogopa kwamba akikosa siku moja atapigwa anashughulika na mganga, na kwa mganga tulikwisha toka. Yesu alipowaambia wanafunzi wasisumbukie chakula na mavazi, sababu aliyotoa ni kwamba Baba yenu anajua mnayahitaji hayo yote. Anajua. Hahitaji kuamshwa kwa bahasha. Kumwamini kwa upande wa fedha, kwako wewe, mwezi huu, ni kufungua daftari na kuandika mauzo upande mmoja na gharama upande mwingine bila kuogopa jibu. Ni kumwambia mwenye samaki siku ya kweli utakayolipa. Ni kulala. Ni kukataa kukopa ili utoe. Yesu huyo huyo wa kunguru na maua ya kondeni alimsifu anayeketi kwanza kuhesabu gharama ya mnara, na Yusufu, aliyekuwa na neno la Mungu kuhusu njaa inayokuja, aliweka ghalani sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba. Hakuna aliyemwambia kwamba kuweka akiba ni kukosa imani.

Usije ukafikiri nakupeleka kwenye ubahili. Kutoa ni kuzuri, na maskini wanaotoa wana furaha ambayo matajiri wengi hawaijui. Wamakedonia walitoa katika umaskini mkuu, na Paulo anasema waliomba sana wapewe nafasi hiyo. Nenda kanisa lolote la kijijini siku ya mavuno, ile ambayo Baganda huiita Amakungula, uone watu wanavyoleta mkungu wa matoke, kuku, kikapu cha mayai, na mnada unavyokwenda kwa vicheko. Wanaleta walichovuna. Wewe pia peleka mukene kilo moja kwa yule bibi jirani anayeishi peke yake. Sadaka hiyo hakuna atakayeitangaza, na hata siku hizi unaweza kuimudu.

Kuhusu simu: ndiyo, sadaka ya simu ni sadaka. Gharama ya kutuma unalipa wewe, na ile kodi ya 0.5% hukatwa kanisa linapochukua fedha taslimu kwa wakala, kwa hiyo ukiwa karibu na kanisa afadhali upeleke mkononi. Ukituma, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa la kanisa, endelea. Likiwa la mtu binafsi, futa, na Jumapili mwulize mtunza hazina kanisa linatumia namba gani na nani huandika kinachoingia.